Deni Lina Kalenda Yake

Hoja iliyowekwa mezani: "Mtu anayeishi kwa pesa za ziwa hana kazi na kadi ya mkopo." Wanaojadili ni wanne, na mwongozaji anauliza maswali. Mama Omena hununua mzigo wa omena, dagaa wa Ziwa Victoria, ufuoni Usenge na kuuza soko la Kibuye, Kisumu. Mwalimu anafundisha shule ya upili mjini na ana kadi ya mkopo pochini. Kijana wa Boda hubeba abiria kati ya Kondele na katikati ya mji. Mzee ni mstaafu na mweka hazina wa sacco ndogo. Watu hawa nimewatunga. Ada, sheria na miaka wanayoitaja sikuitunga.

MAMA OMENA: Mimi naunga mkono hoja, na sababu yangu iko juu angani. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa haifui dafu, mitumbwi inalala ufuoni na mimi nalala njaa nayo. Halafu kuanzia Aprili hadi Julai serikali hufunga uvuvi wa omena ili wazaane. Sasa niambieni: benki inataka pesa yake tarehe ile ile kila mwezi, iwe giza, iwe mbalamwezi, iwe Mei. Nitaitoa wapi? Na hata nikipewa hiyo kadi leo, pale Usenge nani ana mashine ya kuipitisha? Mvuvi anataka M-Pesa au noti mkononi.

MWALIMU: Mashine hazijafika Usenge, hapo nakubali. Lakini kadi ina kitu ambacho mikopo ya simu haina, nacho ni kipindi kisicho na riba. Benki nyingi nchini hutoa hadi siku 45 au 50. Tuseme benki yangu hufunga hesabu tarehe 20. Nikinunua jiko la gesi tarehe 21 kwenye duka la Barabara ya Oginga Odinga, deni hilo litaingia katika taarifa ya mwezi unaofuata, na hata taarifa ikishatoka bado nina siku za kulipa. Hapo katikati mshahara umeshaingia. Nikilipa deni lote, sijatoa riba hata shilingi moja. Kijana hapa akifuliza 1,500, yaani akikopa kwa huduma ya Fuliza ya M-Pesa, na kukaa nayo siku kumi, atarudisha na 195 juu yake. Nani kati yetu amekopa ghali?

KIJANA WA BODA: Mwalimu, umenishtaki hata sijafungua mdomo. Sawa, nijitetee. Kadi niliiulizia. Wakataka hati ya mshahara. Mimi mshahara wangu ni abiria, na abiria haandiki hati. Fuliza haikuniuliza kitu. Iliangalia jinsi pesa inavyopita kwenye laini yangu, ikanipa limiti. Asubuhi natia petroli ya 500, jioni nimelipa. Ada ya kufungulia ni asilimia moja, yaani shilingi 5. Na tangu washushe viwango mwaka 2022, deni lisilozidi 1,000 halina ada ya kila siku kwa siku tatu za kwanza. Shilingi 5, mwalimu! Hata andazi hununui.

MZEE: Omera, ndugu yangu, hiyo petroli unaifuliza mara ngapi kwa mwezi?

KIJANA WA BODA: Kila siku ya kazi, mzee. Siku 26 hivi.

MZEE: Basi 5 mara 26 ni 130. Kila mwezi unalipa shilingi 130 ili uendelee kushika 500 ile ile. Hiyo ni asilimia 26 kwa mwezi, na ushuru wa serikali bado sijauhesabu. Hakuna mwenye duka Kondele angekubali kuuziwa pesa kwa bei hiyo akiambiwa kwa mkupuo mmoja. Wewe unakubali kwa sababu unaambiwa tano-tano. Ungeweka 20 kwa siku, siku 25 zingekupa 500 yako mwenyewe, ukaacha kukodi petroli.

KIJANA WA BODA: Hesabu yako ni sawa, lakini hujakaa barabarani. Ile 20 inaliwa na pancha. Na kuna jambo lingine ambalo watu hawalisemi: ukiwa na deni la Fuliza, pesa yoyote ikiingia kwenye laini inakatwa papo hapo. Abiria ananilipa 200 kwa simu, inamezwa. Nataka kununua chakula, salio ni sifuri, nafuliza tena, ada mpya. Kwa hiyo hata zile siku tatu za bure sizifaidi. Deni langu halifikishi siku tatu. Linakufa na kufufuka.

MWALIMU: Huo ndio mtego wenyewe, na wala hautokani na riba kubwa. Unatokana na kuweka mauzo na deni katika mfuko mmoja. Pokea nauli kwenye till au laini nyingine, deni ulilipe mara moja jioni.

MAMA OMENA: Mimi hilo nilishalifanya. Pesa za mzigo zina laini yake. Na ukifuliza, mwanangu, chunga mpaka wa 1,000. Deni la 1,000 kamili, zile siku tatu zikipita, ni shilingi 6 kwa siku. Ukivuka hapo kidogo tu, ni 18 kwa siku, tena kuanzia siku ya kwanza. Na kuanzia 2,501 hadi 70,000 ni 25 kwa siku kwa wote. Mwenye kukopa 2,600 na mwenye kukopa 50,000 wanalipa 25 sawasawa. Tazameni nani anambeba nani.

MZEE: Hilo umelisema vizuri, Mama. Sasa na mimi nimgeukie mwalimu, asije akaondoka hapa akidhani kadi yake ni maji ya baraka. Umesema ukilipa deni lote hakuna riba. Usipolilipa lote?

MWALIMU: Benki inakubali malipo ya chini kabisa, mara nyingi sehemu ndogo tu ya deni. Salio linatozwa riba.

MZEE: Tuihesabu. Deni ni 30,000, riba tuseme ni asilimia 3.5 kwa mwezi, na wewe unalipa kile cha chini, asilimia 10 ya deni. Mwezi wa kwanza riba inapandisha deni hadi 31,050, unalipa 3,105, linabaki 27,945. Endelea hivyo miezi kumi bila kununua hata kiberiti. Utakuwa umetoa kama 23,000, na bado unadaiwa karibu 14,750. Yaani miezi kumi ya kulipa kwa uaminifu, na nusu ya deni iko palepale. Watu husema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa matanga yenyewe hayaishi.

KIJANA WA BODA: Na barua ya benki inasema "malipo yako yamepokelewa, asante"!

MWALIMU: Sitabishana na namba. Ila tusichanganye chombo na namna ya kukitumia. Mimi nimeiagiza benki ikate deni lote la kadi siku mbili baada ya mshahara kuingia, siyo kile cha chini. Na sitoi pesa taslimu kwa kadi hiyo kwenye mashine ya ATM, kwa sababu pesa taslimu haina kipindi cha bure. Riba huanza siku ile ile, na ada ya kutoa iko juu yake. Pia nina sheria moja: salio lisipolipika lote mwezi huu, kadi inakaa kabatini. Ukibaki na deni la zamani, hata manunuzi mapya huanza kutozwa riba tangu siku ya kwanza. Watu wengi huumia hapo bila kujua.

MWONGOZAJI: Hebu tuyaweke yote kwenye mizani moja. Mtu anataka shilingi 5,000 kwa siku 14. Atalipa nini?

MZEE: Fuliza: asilimia moja ni 50, na 25 mara siku 14 ni 350. Jumla 400. M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu iliyoanza Novemba 2012, hutoza asilimia 7.5 bila kuhesabu ushuru, yaani 375. Lakini angalia tabia yake: ukirudisha kesho ni 375, ukirudisha siku ya 30 ni 375. Ukipitisha siku 30, unapigwa asilimia 7.5 nyingine. Kwa hiyo ukikopa M-Shwari kwa siku tatu umenunua mwezi mzima na kuutupa. Na ukikaa na Fuliza mwezi mzima umechukua dawa ya kichwa kutibu malaria. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ni asilimia 8 kwa mwaka. Kwa siku hizo 14 ni kama shilingi 15. Ila asilimia 5 ya mkopo inawekwa akiba, kwa hiyo mkononi unapata 4,750. Sacco yetu, asilimia moja kwa mwezi kwa deni linalopungua: shilingi 50 kwa mwezi mzima.

MWALIMU: Na kadi, kama ni manunuzi na nitalipa lote, sifuri.

KIJANA WA BODA: Sasa na mimi niulize. Hiyo ya shilingi 15, wengi wetu tulianzishiwa limiti ya 500, na 500 hainunui tairi. Hiyo ya sacco inataka niweke akiba kwanza, halafu nitafute wadhamini. Hiyo ya sifuri inataka hati ya mshahara. Mnanionyesha vyakula vitamu dirishani, lakini mlango uliofunguliwa ni wa yule anayeuza ghali.

MAMA OMENA: Hapo mtoto amesema kweli, na mimi niongeze neno ambalo wanaume hawapendi kulisikia. Bei ya mkopo haiko kwa shilingi peke yake. Huku ufuoni mwanamke asiye na mtaji amekuwa akipewa samaki na mvuvi, na malipo yake mnayajua: mwili wake. Jina lake ni jaboya. Ndiyo maana akina mama wa ufuo wa Nduru walianza mwaka 2011 kutafuta mitumbwi yao wenyewe, ili wasimsubiri mtu. Sasa mwanamke kama huyo akichukua 3,000 kwa simu, akalipa riba ya 225, akanunua karai zake bila kumwangukia mtu, usimwambie amekopa ghali. Muulize kwanza ile njia nyingine ingemgharimu nini.

MZEE: Siwezi kubishana na hilo.

MWALIMU: Mimi pia. Ila Mama, hiyo 225 ni ya mwezi mmoja. Akiikopa tena mwezi wa pili, na wa tatu, mwaka ukiisha amelipa 2,700 kwa mtaji wa 3,000. Ni kama mtaji wote ameununua upya. Mkopo wa kujinasua na jaboya ni haki yake. Ila uwe wa safari moja au mbili, na faida ya safari hizo ijenge mtaji wake kwenye chama, ili safari ya tano iwe ya pesa zake.

MWONGOZAJI: Kwa nini basi bei zisishushwe kwa sheria?

MZEE: Tulijaribu. Septemba 2016 sheria iliweka ukomo: riba ya benki isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Nilishangilia.

MWALIMU: Na mabenki yakafanya nini, mzee wangu? Yakaona kumkopesha mfanyabiashara mdogo kwa bei hiyo hakulipi, yakapunguza mikopo ya watu wadogo na kununua hati za serikali. Mteja wa Kibuye aliyefungiwa mlango wa benki akakutana na programu za simu, ambazo ukomo ule haukuzigusa. Novemba 2019 ukomo ukaondolewa.

MZEE: Lakini siyo kila sheria ilishindwa. Tangu Mei 2007 Sheria ya Mabenki inasema mkopo wa benki ukishaharibika, riba inayoongezwa isizidi kiasi kilichokuwa kinadaiwa siku ulipoharibika. Na wakopeshaji wa simu wasiokuwa benki waliwekwa chini ya Benki Kuu kwa sheria ya Desemba 2021 na kanuni za Machi 2022. Sasa ni lazima wawe na leseni, na wamekatazwa kuwatisha wateja au kuwapigia jamaa zao.

KIJANA WA BODA: Hiyo ilichelewa kwa rafiki yangu wa stendi. Alichelewa kulipa siku nne, wakapigia mpaka mama mkwe wake. Deni la 2,000! Mahari hajamaliza, na mama mkwe ameshajua mfuko wake.

MWALIMU: Siku hizi angepeleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Septemba 2023 ofisi hiyo iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu wasiohusika na deni. Kabla ya kukopa, angalia kama mkopeshaji yumo kwenye orodha ya Benki Kuu ya wenye leseni. Na programu ikiomba kusoma majina yote ya simu yako, ujue inaomba mateka.

MAMA OMENA: Na hii CRB ambayo kila mtu anaiogopa?

MWALIMU: Ni kumbukumbu ya ulivyolipa, Mama, nzuri na mbaya. Kila Mkenya ana haki ya kupata ripoti yake bure mara moja kwa mwaka kutoka kwa ofisi za kumbukumbu za mikopo. Tuna tatu, Metropol, TransUnion na Creditinfo. Tangu Aprili 2020 deni lililo chini ya 1,000 halipaswi kukuchafulia jina. Usingoje kunyimwa mkopo ndipo uitafute ripoti. Ukikuta deni ulilolipa bado limeandikwa, pinga kwa maandishi.

MZEE: Jambo la mwisho kwangu, kwa sababu nimeona watu wengi wakidanganyika. Ukiambiwa "asilimia 12 kwa mwaka", uliza: ya deni lote au ya deni linalopungua? Kopa 100,000 kwa mwaka mmoja. Kwa riba ya deni lote unalipa 12,000. Kwa deni linalopungua, ukirudisha sehemu sawa kila mwezi, riba ni 6,500. Maneno ni yale yale, pesa ni karibu mara mbili. Mwambie mkopeshaji akuandikie jumla: nitapokea ngapi mkononi, nitarudisha ngapi, mwisho lini. Asiyetaka kuandika namba hizo tatu, muage kwa heshima.

MWONGOZAJI: Turudi kwenye hoja. Mama Omena, bado unasema kadi haina kazi kwa mtu wa ziwa?

MAMA OMENA: Nimeisogeza kidogo. Nimesikia kila mkopo hapa una siku zake. Fuliza ni ya saa, ikilala inaanza kuuma. M-Shwari ni ya mwezi, ukiirudisha mapema umetupa pesa. Kadi inamfaa mwenye mshahara, mtu anayeijua tarehe ya pesa yake. Hasara inaanza pale kalenda ya deni inapokosana na kalenda ya mfuko. Kwa hiyo nasema hivi: mtu wa ziwa hana kazi na deni lolote ambalo tarehe yake haikuuliza ziwa. Kama ni kadi, kama ni simu, kama ni sacco yako, mzee.

MZEE: Sacco yangu imekosa nini?

MAMA OMENA: Marejesho yako ni tarehe 5 kila mwezi. Tarehe 5 ikiangukia mwezi mpevu, mimi nafanya nini? Nafuliza ili nikulipe wewe! Nachukua deni linalouma kila siku kulipa deni la asilimia moja kwa mwezi. Kwa vitabu vyako mimi ni mwanachama mwema. Na Mei na Juni, ziwa likiwa limefungwa, nakulipa kwa pesa za karo. Wacheni tulipe zaidi kuanzia Agosti hadi Machi, baada ya giza la kila mwezi, na Aprili hadi Julai tulipe riba peke yake.

MZEE: Vitabu vinafungwa mwisho wa mwezi, Mama. Nikiwapa watu wa omena miezi minne, kesho wenye mahindi wa Ahero watataka yao, na sanduku litakauka Juni wakati wengine wanataka kukopa.

MWALIMU: Ndiyo maana sacco nzuri haijazwi na watu wa kazi moja, mzee wangu. Mishahara yetu walimu inaingia Juni kama kawaida. Pesa zetu zinaweza kukopeshwa miezi ambayo Mama anapumzika, na zake zikakopeshwa Januari tunapohangaika na karo. Mimi mwenyewe, mkopo wa sacco ukinitosha Januari, sitakuwa na sababu ya kuitoa kadi kabatini.

MZEE: Hilo haliamuliwi hapa. Linabadilisha sheria ndogo za sacco, na sheria ndogo hubadilishwa na mkutano mkuu wa mwaka. Lazima liandikwe, lipendekezwe na mwanachama, liungwe mkono na mwingine. Na nawaambia mapema, mimi nitalipinga mpaka nione hesabu ya Juni.

MAMA OMENA: Mwalimu ataandika hesabu. Mimi ndiye mpendekezaji.

KIJANA WA BODA: Na mimi naunga mkono.

MZEE: Wewe si mwanachama.

KIJANA WA BODA: Kiingilio ni ngapi, mzee? Na ngoja nisikulipe kwa Fuliza.